Bakuli la Sakafu Mbili

Jumatatu, 5 Mei 2025. Homa Bay

Madaftari mawili leo. Lynnet amenipa la bluu, la kazi. Niandike kila jioni mikono yangu imefanya nini, halafu nitie sahihi. Nikamwambia mimi ni fundi wa tiles mwaka wa ishirini na mbili huu na hakuna mtu amewahi kuniuliza mikono yangu imefanya nini. Wanauliza utamaliza lini. Hili lingine nimejinunulia mwenyewe dukani, la kuandika yasiyomhusu.

Nilikuja hapa mara ya kwanza Machi, kumtengenezea mama yake, Mama Monicah, sakafu ya veranda kwa tiles zilizovunjika. Hiyo ndiyo kazi naipenda. Wengine wanatupa vipande barabarani, mimi naviokota, navikata kwa koleo, navipanga mpaka vinakuwa ua. Lynnet alikaa kwenye kiti akinitazama saa nzima. Nilidhani ananichunga nisiibe simiti! Kumbe alikuwa anatazama ninavyotafuta kipande. Ananiambia ana maboksi kumi na moja ya vigae, vipande vya mabakuli ya zamani, ndiyo masomo yake ya udaktari, si ule wa hospitali, na hajui mtu mwingine mwenye jicho kama langu.

Vimechimbwa Pwani, kwenye magofu ya msikiti wa miaka mia saba iliyopita. Amepewa kibali cha kuvisomea hapa nyumbani kwa sababu mama yake ni wa kupelekwa hospitali kila wiki. Chumba ni kile cha nyuma. Meza ndefu, taa, lenzi, sanduku la mchanga la kusimamishia vipande gluu ikikauka. Nimekuja na aproni yangu na vifaa vyangu. Siwezi kufanya kazi bila aproni.

Jumanne, 6 Mei

Leo ni sheria tu. Usioshe bila kuuliza. Usichanganye mifuko. Kila kigae kina namba ya wino ndani, na juu ya namba amepaka rangi ya kucha isiyo na rangi ili wino usifutike. Nilicheka. Mke wangu Dorah hapaki kucha, kanisa letu halipendi, na mimi hapa nashinda nikinusa rangi ya kucha.

Jambo kubwa ni mifuko. Msikiti ulikuwa na sakafu mbili, moja juu ya nyingine. Vigae vilivyotoka sakafu ya juu viko mifuko myekundu, vya chini viko mifuko ya bluu. Profesa wake wa Nairobi anasema msikiti wa kwanza ulianguka, mji ukahamwa, miaka mia ikapita, ndipo wageni wakaja wakajenga juu. Lynnet anasema hapana. Anasema ni watu wale wale, walianguka wakainuka, wakatengeneza kwao. Ameandika hivyo kwa miaka sita. Profesa anamjibu kila mara: nionyeshe.

Nikamuuliza atamwonyesha vipi. Akasema angepata bakuli moja lenye kipande sakafu ya juu na kipande sakafu ya chini, basi ameshinda. Bakuli moja halivunjiki nusu leo na nusu baada ya miaka mia. Muda wake chuoni unaisha Juni.

Nilimwita Daktari nikitoka. Akasema bado, nisimletee mkosi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimelipata! Saa nane mchana.

Bakuli la manjano, manjano ya haradali, lenye mistari myeusi. Lynnet anasema lilitoka Yemeni kwa meli. Kigae 31 ni cha mfuko mwekundu. Nimekuwa nikikiona tangu jana kila nikifumba macho, mstari mweusi unaokuja ukakatika. Leo nimefungua mfuko wa bluu na kigae 118 kikaniangalia. Mstari ule ule. Nikavisogeza. Kona moja ya 118 ilisumbua kidogo, nikaitengeneza, ikakaa. Nikatia gluu, nikavisimamisha kwenye mchanga, ndipo nikamwita.

Lynnet alikaa chini sakafuni. Halafu akaenda kwa mama yake na nikawasikia wote wawili wakiongea Dholuo haraka haraka, na Mama Monicah akicheka. Jioni nimepewa samaki, ngege mzima, kichwa na vyote. Mama Monicah ananiita wuod Kisii, kijana wa Kisii, na nina miaka arobaini na saba.

Kwenye la bluu nimeandika: 31 na 118 vinaungana bila shida. Okari Ongeri. Sahihi.

Jumamosi, 10 Mei. Migori

Sabato. Niko nyumbani. Baada ya ibada Mzee Omosa wa kanisa letu ameniuliza mbele ya watu Msabato anatafuta nini kwenye sahani za msikiti. Wakacheka. Nikamjibu kwamba hata yeye anakalia viti vilivyochongwa na Mkatoliki. Wakacheka zaidi. Lakini nilikuwa na furaha, sikuumia hata kidogo. Nimewaambia wote kuhusu bakuli.

Jumapili, 11 Mei

Dorah alikuwa anafua. Akatoka na aproni yangu mkono mmoja na kitu kwenye kiganja cha mkono wa pili. Akauliza hii ni mawe gani imekaa mfukoni.

Kipande kidogo, kama nusu punje ya mahindi. Upande mmoja udongo mwekundu. Upande wa pili manjano ya haradali.

Nimesema ni takataka ya kazi. Nimekiweka kwenye kibiriti.

Nimejaribu kukumbuka na sikumbuki. Koleo hukaa mfuko ule ule wa aproni. Nikifanya kazi mkono wa kulia unaingia, unatoka, unakata, unarudi, na mimi niko mbali na fikra zangu. Miaka ishirini na mbili. Tile ikikataa kona, unaimega. Hakuna fundi anayeamua kumega. Mkono umeshamega.

Halafu nimefungua daftari hili ukurasa wa Alhamisi. Kona moja ya 118 ilisumbua kidogo, nikaitengeneza, ikakaa. Mwandiko wangu. Nimeusoma mara nne.

Jumatatu, 12 Mei. Homa Bay

Nilikuja nimejipanga kusema. Nilikuta Lynnet ameshatuma picha Nairobi. Profesa, ambaye kwa miaka sita hajawahi kusema neno zuri, amesema atakuja mwenyewe kuliona. Jumanne tarehe 20. Lynnet alikuwa amesuka nywele.

Sikusema.

Labda haidhuru. Labda vinaungana hata bila hicho nilichomega. Kesho anampeleka mama yake kliniki, nitabaki peke yangu. Nitapima.

Jumanne, 13 Mei

Waliondoka saa mbili. Nimetia asetoni kwenye kiungo, gluu ikalainika, nikavitenganisha. Nimerudisha kipunje kwenye kona ya 118. Kimekaa barabara, hakuna ubishi, kimetoka pale. Halafu nikasogeza 31.

Hakikai. Kuna pengo la kuingia njiti ya kibiriti. Nimegeuza, nimejaribu kwa juu, kwa chini. Kipunje kikitoka, vinashikana vizuri mno. Kipunje kikirudi, havijuani. Mistari myeusi inafanana, hiyo ni kweli, lakini mabakuli ya fundi mmoja yote hufanana.

Kwa hivyo ni mabakuli mawili. Au ni moja na kuna kipande kingine katikati ambacho hatuna. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba ule muungano haukufanywa Yemeni wala Pwani. Nimeufanya mimi, kwa koleo ya kununua pale stendi ya Migori.

Halafu nimefanya jambo la kijinga. Nimevirudisha. Gluu ile ile, mchanga ule ule, mstari kwa mstari, na kipunje kikarudi kwenye kibiriti. Waliporudi walikuta kila kitu mahali pake. Mama Monicah amechoka, ameenda kulala bila kula.

Jumatano, 14 Mei

Siku nzuri, na inaniuma kwamba ni nzuri.

Nilikuwa natazama migongo ya vigae. Lynnet hutazama nyuso, mimi natazama migongo, kwa sababu tile inakwambia ukweli kwa nyuma. Kigae 52, cha mfuko mwekundu, kina ukoko mweupe nyuma. Nimekikwaruza kidogo kwa kucha. Chokaa! Na kwenye chokaa kuna mistari ya mwiko, ile ya kusaidia ishike. Nikamwambia hili bakuli halikuwa la kulia chakula. Lilibandikwa ukutani.

Akatoka mbio akarudi na kitabu cha picha. Kumbe ndivyo walivyofanya. Kwenye kibla, lile shimo la ukutani ambalo imamu anasimama mbele yake, walichonga matumbawe, wakapiga chokaa, wakapachika mabakuli ya rangi yakimetameta kuzunguka. Alijua hivyo, ila hakuwahi kuwaza kugeuza vyake. Tumegeuza vyote mpaka saa kumi. Tisa vina chokaa.

Na 52 ina kona imemegwa. Makovu matatu madogo madogo mfululizo, tik tik tik, hivyo hivyo ninavyomega mimi. Chokaa imeingia ndani ya makovu. Yaani alimega kwanza, ndipo akabandika. Bakuli lilikataa kukaa kwenye shimo lake, akalitengeneza.

Nimekaa na kile kigae mkononi muda mrefu. Miaka mia saba! Huyu alikuwa fundi. Bila shaka naye walikuwa wanamuuliza utamaliza lini.

Lynnet ameandika jina langu kwenye kompyuta. Okari Ongeri, fundi, ndiye aliyegundua. Anasema Julai nitakwenda naye Pwani nikaione ile kibla iliyobaki. Sijawahi kupita Nairobi.

Alhamisi, 15 Mei

Nilijua Lynnet atafika huko. Baada ya chai amechukua lile bakuli letu la 31 na 118 akaliweka chini ya lenzi, akaona kona. Kumbe hata hiki yule fundi alikikata, akasema, amefurahi kama mtoto. Nikasema lakini hakuna chokaa ndani. Hiyo nilisema. Akasema imeoshwa na mvua, vigae vingine vimelala kwenye maji.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, kama mlango. Mimi nikaendelea kupuliza vumbi.

Ameandika: fundi wa kale alimega kigae 118 ili kikae.

Kudanganya mtu hai ni vibaya. Lakini huyu mwingine amekufa miaka mia saba, amefanya kazi safi, mkono wake nauona, na nimemsingizia. Naona haya. Sijui nimwonee nani haya zaidi.

Ijumaa, 16 Mei. Migori

Nimefika kabla jua halijashuka. Nimemwambia Dorah yote. Alisikiliza akimenya ndizi.

Aliniuliza nani mwingine anajua. Hakuna. Akauliza kama wenyewe wakitazama hawawezi kuona. Nikasema Profesa ana macho. Akamenya nyingine. Akasema, “Baba Nyatichi, ungekuwa unataka kunyamaza haungeniambia.”

Nikamwambia kuna safari ya Pwani. Kuna jina langu. Kuna huyu msichana, miaka sita, na mama yake anaumwa. Akasema anajua. Kisha tukafanya ibada ya kufungua Sabato.

Jumamosi, 17 Mei

Sabato. Siandiki kazi.

Jumapili, 18 Mei. Masara

Maroa, yule mnunuzi wa dhahabu wa Masara, amenipigia. Tile moja sebuleni kwake imepasuka. Nimekwenda na boda.

Niliijua hata kabla hajanionyesha. Ni ile karibu na dirisha. Mwaka 2016 simiti iliniishia jioni, nikaibandika juu juu, chini ikabaki hewa. Nikajaza viungo kwa grouti nzuri, nikalipwa, nikaondoka. Kila nilipokuja kumsalimia nilikuwa nikipita pale naikanyaga makusudi, nisikie. Ina sauti ya debe tupu. Maroa mwenyewe hakuwahi kuisikia, wachimbaji wanaingia na mabuti.

Nimeitoa, nimeweka mpya. Aliuliza kwa nini imepasuka hii peke yake. Nikamwambia, “Hiyo ilikuwa kosa yangu. Niliweka vibaya.” Maroa akashangaa, akasema mafundi wote aliowaona husema ni tile za siku hizi. Akaniletea soda.

Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini ni tile moja, na Maroa hana Profesa.

Jumatatu, 19 Mei. Homa Bay

Nilifika saa nne, hakuna mtu. Mama Monicah alizidiwa asubuhi, wamekwenda hospitali. Nimefagia chumba. Nimepanga vigae tisa vya chokaa mstari mmoja, 52 mbele. Nimeweka kibiriti kando ya bakuli. Nikakiondoa. Nikakirudisha. Nikakiondoa.

Wamerudi saa kumi na moja. Mama yuko sawa, presha tu. Lynnet alikuwa hata hawezi kusimama, macho mekundu. Nikasema, “Lynnet, kuna kitu kuhusu 118.” Akasema, “Fundi, tafadhali, kesho. Leo siwezi sikia kitu ingine.” Halafu akanipa karatasi moja aliyochapisha mjini. Ni ile sura ya kitabu chake yenye bakuli. Jina langu liko juu kabisa, mstari wa pili. Sikuwahi kuona jina langu limechapishwa isipokuwa kwenye kadi ya kura.

Mstari wa tisa: fundi wa kale.

Nilisema kitu. Lakini najua mwenyewe nilichagua saa ambayo hangeweza kusikiliza.

Jumanne, 20 Mei

Naandika hapa veranda, juu ya ua langu la tiles. Saa tano na robo. Profesa amefika saa nne na gari la kukodi kutoka Kisumu. Mzee mwembamba, mpole, viatu safi. Alisalimia Mama Monicah kwa heshima sana, akakubali chai, akasifu sakafu. Akauliza ni nani aliyeifanya. Nikasema mimi. Akainama akaigusa kwa kidole, kwenye viungo, mahali ambapo wasiojua hawagusi.

Nikajua hapo hapo kwamba ataona.

Lynnet alimwonyesha vigae vya chokaa kwanza. Profesa alifurahi kweli, nilimsikia. Alikaa na 52 dakika nyingi. Akasema hii peke yake ni sura nzima. Kisha bakuli. Mimi nikatoka, nikasema naenda kupumua.

Dirisha liko wazi. Profesa ameuliza mbona kovu hili ni jekundu safi na la 52 ni la kijivu. Lynnet akasema mvua, maji, kama alivyoandika. Sauti yake ilikuwa imara. Profesa akasema maji huleta uchafu, hayaondoi. Halafu kwa upole kabisa, upole ambao ni mbaya kuliko kufokewa, amemuuliza maboksi haya yamekaa na nani tangu Januari. Lynnet akasema yamekaa naye mwenyewe. Profesa akamuuliza kama anakumbuka ni mara ngapi amemwambia amwonyeshe. Akasema anaelewa mtu anavyoweza kuchoka.

Anadhani ni yeye! Anadhani Lynnet amekata kwa mkono wake ili ashinde.

Nasikia kijiko cha Mama Monicah jikoni na hakuna kingine. Lynnet hajasema ni fundi. Angeweza kusema kuna fundi anashinda na vigae, mwulize. Hajasema.

Sasa Lynnet amesukuma kiti nyuma. Anakuja. Amesimama mlangoni, hanitazami usoni, anatazama mikono yangu. Anasema, “Fundi, kuja na daftari.” Amerudi ndani.

La bluu liko hapa kwenye magoti, chini ya hili. Yeye hajui kuna mawili. Kibiriti nimekitoa mfukoni. Nimekunja ukurasa wa daftari hili, Alhamisi tarehe 8, kona ya juu, ili usipotee. La bluu naliacha kwenye kiti, naingia na hili.